Rangi ya Ufizi

Kila asubuhi, kabla Njambi hajafungua duka lake la mapazia pale Kimbo, babake alimpigia simu kumweleza rangi ya ufizi wa mbwa.

"Maitu," angeanza. Njambi alibeba jina la nyanya yake, na tangu azaliwe babake hakuwahi kumwita ila hivyo, yaani mama kwa Kikuyu. "Nimefungua mdomo. Rangi iko sawa."

"Sawa vipi?"

"Kama nyama imechinjwa leo. Si ile imeshinda kwa ndoano."

Baada ya hapo wangeulizana mvua imefika wapi na mbuzi wamezaa ama bado, kisha simu ingekatwa bila kwaheri, kwa kuwa Mzee Kinyanjui aliamini kwaheri ni ya watu wanaosafiri.

Wateja waliofika mapema walimcheka. Mtu mzima, mwenye duka na cherehani zake, anapigiwa simu juu ya mdomo wa mbwa. Waache wacheke, hawakujua simu ile ilikotoka. Mamake Njambi alipofariki, mzee alinyamaza. Hakununa, hakulia, alinyamaza tu. Alishinda nje ya jiko lake huko Gatuanyaga akitazama vumbi la barabara, na Njambi akipiga simu alijibiwa kwa "ii" na "aca," ndiyo na la za Kikuyu, hadi akate mwenyewe kwa uchungu. Hali ilikuwa hiyo karibu mwaka mzima. Kisha mbwa akaugua, daktari akaagiza ufizi uangaliwe kila siku, na mzee akapata jambo la kusema. Njambi hakumwambia mtu, lakini kila Jumapili kanisani alimwombea yule mbwa. Aliona haya kidogo mbele za Mungu, kwa sababu hakuwa akimwombea mbwa kwa ajili ya mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Githeri, kama kile chakula cha mahindi na maharagwe. Mzee alikuwa mpishi wa shule ya bweni upande wa Thika hadi alipostaafu, na jirani yake Gachau alipomletea kijibwa cha kike chenye madoa ya kahawia na manjano yaliyochanganyika ovyo, alikitazama sana akasema, "Hii kitu nimeipika maisha yangu yote, na sasa imenifuata nyumbani." Siku ya kwanza kliniki, daktari wa mifugo alipotokea mlangoni na kuita "Githeri Kinyanjui," watu waliokuwa wamepakata paka zao waliangua kicheko. Mzee hakucheka. Alivua kofia akasimama, kama aliyeitwa ni yeye.

Huo ulikuwa mwaka uliopita. Githeri alikuwa akikojoa mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa, miguu haimbebi, na ufizi wake mweupe kama unga. Daktari, mwanamke mpole aitwaye Naliaka, alimweleza mzee kwa lugha ya kueleweka.

"Kwa mwili kuna askari, mzee. Kazi yao ni kupiga magonjwa. Sasa hawa wa Githeri wamechanganyikiwa, wanapiga damu yake yeye mwenyewe."

"Nani aliwatuma?"

"Mara nyingi hatujui."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mzee akasema, akatikisa kichwa.

Vidonge viliwatuliza hao askari. Ilichukua miezi, vidonge vikipunguzwa kidogo kidogo, na Githeri akarudia kazi yake ya kuwabwekea mbuzi na kuwakimbia wakimgeukia. Daktari Naliaka alifurahi lakini hakuwaficha: ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Mpeni chakula kizuri, alisema, maini yatamsaidia, na kila asubuhi mwangalieni ufizi. Mzee alishika maagizo yale kama amri za Musa.

Kuna jambo moja la kusema kuhusu mzee huyu na jiko. Shuleni maharagwe yalichemshwa, yakatiwa chumvi, basi. Kitunguu kilikuwa cha meza ya walimu. Mzee aliona aibu kwa muda wote aliowapakulia watoto wa watu chakula cheupe, na siku aliyorudisha aproni aliapa kwamba kwake hakuna kiumbe atakayekula kitu ambacho hakijakaangwa. Kitunguu kwanza, mafuta yalie, rangi igeuke, ndipo kingine kifuate. Mkewe alikuwa akisema huyu mtu, akiachiwa nafasi, atakaanga hata maji ya kuoga.

Asubuhi ile simu ililia kama kawaida, Njambi akiwa na ufunguo mkononi. Alisubiri kuitwa Maitu. Hakuitwa.

"Rangi imepotea," babake akasema.

Njambi hakufungua duka. Alipofika kliniki kule Thika alikuta mzee na mbwa wameshafika, kwa maana Gachau aliwaleta kwa lile gari lake la Probox la kubebea mbuzi. Githeri alikuwa amelala juu ya gunia, macho yameingia umanjano. Alipomwona Njambi aliinua mkia, ukaanguka. Ndani, daktari alitoa tone la damu akaliweka kwenye kioo, nalo likagawanyika vipande vipande kama maziwa yaliyolala. Hakuhitaji kusema sana.

"Imerudi," alisema. "Na safari hii imerudi na nguvu."

Mzee aliuliza kama vidonge vitaongezwa. Daktari akasema vitaongezwa, na sindano pia, na huenda akahitaji damu ya mbwa mwingine. Aliuliza mengine huku akiandika. Ameumwa na kupe? Hapana. Amekula sumu ya panya? Hapana. Na chakula, mzee, anakula nini siku hizi?

Hapo mzee alinyooka. Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza alilolijua vizuri.

"Maini," akasema. "Vile uliniambia. Lakini mimi siwezi peana maini ya kuchemsha, daktari, hiyo ni kutusi mgonjwa. Nakata kitunguu, kubwa, mbili hivi. Nakaanga mpaka ishike rangi. Halafu nyanya, halafu maini. Anamaliza mpaka analamba sufuria."

"Kila siku?" daktari akauliza.

"Kila siku. Nimekosa siku gani?"

Kalamu ya daktari ilisimama. Ilikuwa kitambo kidogo sana, na uso wake haukubadilika ila pale karibu na macho, lakini Njambi aliona. Kisha kalamu ikaendelea.

"Sawa mzee," Naliaka akasema. "Kwa sasa tumbo lipumzike. Hapa tutampatia chakula yetu."

Njambi alimfuata nje hadi penye sinki walipokuwa wakioshea vyombo vya sindano. Daktari alifungua maji akanawa mikono iliyokuwa safi.

"Kitunguu huvunja damu ya mbwa," alisema bila kumtazama. "Kwa yule mzima, kidogo haionekani. Kwa huyu..." Alifunga maji. "Siwezi kukuambia ni hicho, Njambi. Huu ugonjwa hurudi wenyewe, nimeona ukirudi kwa mbwa wanaokula chakula ya dukani. Lakini haikusaidia. Na mimi ndio nilisema maini. Sikusema mengine. Nani hukaangia mbwa?"

"Usimwambie," Njambi akasema. Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka upesi. "Tafadhali, daktari. Huyu mzee akijua, sitampata tena."

Naliaka alimtazama. "Akiniuliza sitamdanganya. Lakini sitaenda kumtafuta nimwambie."

Walikubaliana hivyo. Njambi alirudi ndani, akamkuta babake ameinama anamnong'oneza mbwa kwa Kikuyu, na akajiona mwizi. Hakuwa ameiba kitu, lakini ndivyo alivyojiona.

Damu ilitafutwa siku hiyo hiyo. Ilibidi iwe ya mbwa mkubwa, mwenye afya, na mzee alizunguka Gatuanyaga mlango kwa mlango akieleza. Watu walimsikiliza kwa adabu, maana ni mzee, kisha wakageuka wakacheka. Damu ya mbwa? Kwani mbwa siku hizi anawekewa damu kama mama aliyejifungua? Mmoja alimwambia amwachie Mungu, atapata mwingine, mbwa ni wengi. Mzee alishukuru akaenda mlango wa pili. Mwishowe ni Gachau aliyesema, "Si uchukue Bosco," kana kwamba anaazima jembe. Bosco na Githeri walikuwa wa tumbo moja. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, ndivyo wahenga walivyosema, na huyo Bosco, mbwa asiyewahi kukubali kushikwa na mgeni, alilala pale mezani akatolewa damu akimwangalia dadake tu.

Damu ile ilimrudisha Githeri kwa muda. Alisimama, akanywa maji, akabweka kidogo paka alipopitishwa. Mzee hakuondoka kliniki, na asubuhi alimpigia Njambi akiwa kwenye benchi ya nje.

"Maitu, inarudi. Si nyekundu, lakini si nyeupe. Ni kama ya samaki."

"Umekula, Baba?"

"Nitakula."

Siku hizo Njambi alifunga duka mapema akaja Thika kila jioni. Alimkuta mzee na kibakuli cha plastiki, ndani kuna maini yaliyochemshwa kwa maji matupu, rangi ya majivu, anamlisha mbwa vipande vidogo kwa vidole. Mzee alimwambia kwamba daktari ameruhusu. Njambi aliyatazama maini yale, chakula cha shule kabisa, na akafikiri mzee anatii tu kwamba tumbo lipumzike. Alishukuru moyoni kwamba babake hajui.

Kisha alasiri moja daktari alimpigia yeye, si mzee. Damu ya Bosco nayo ilikuwa imeshambuliwa. Na sasa pumzi ilikuwa fupi. Alidhani damu imeganda mahali kwenye mapafu. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Njambi aliwakuta katika chumba cha nyuma. Githeri alikuwa amelala ubavu, mbavu zinapanda na kushuka haraka, ulimi nje. Mzee alikuwa amepiga magoti sakafuni na kofia yake iko chini ya kichwa cha mbwa.

"Mzee," Naliaka akasema, akachutama naye, "naweza kuendelea na dawa. Lakini anaumia, na sidhani ataiona asubuhi. Naweza kumsaidia alale."

 Mzee aliinua mdomo wa mbwa kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyofanya kila asubuhi, akautazama ufizi kwa muda mrefu. Kisha akaushusha mdomo mahali pake akaupapasa.

"Sawa," akasema. "Asaidiwe."

Haikuchukua muda. Githeri alivuta pumzi moja ndefu, ya kwanza isiyo na haraka tangu asubuhi, na hakuvuta nyingine. Njambi alilia wazi wazi, akashika ukuta. Mzee hakulia. Alichukua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa.

Kwa desturi za pale, mbwa hachimbiwi kaburi. Hutupwa mbali, na mambo yakaisha. Mzee alichimba nyuma ya jiko, mahali Githeri alipopenda kulala kwa sababu ukuta ulishika joto. Ardhi ya Gatuanyaga wakati wa kiangazi ni ngumu kama deni, na Gachau alikuja na sururu bila kuitwa. Majirani wawili watatu walisimama kwenye ua, hawajui kama waseme pole au wajifanye wanapita. Walisema pole. Wale waliocheka habari ya damu walikuwapo pia, na mmoja wao ndiye aliyeleta mawe ya kuwekea juu.

Simu hazikulia tena.

Hilo ndilo Njambi aliloliogopa tangu mwanzo, na likaja kama alivyoliogopa. Asubuhi alisimama mbele ya duka na ufunguo mkononi, simu kwenye kiganja kingine, akingoja kitu alichojua hakiji. Alipopiga yeye, alijibiwa. Umeamka vizuri? Ii. Umekula? Ii. Unataka nije? Aca. Wateja wa asubuhi walimwuliza kama bado anapewa ripoti ya mbwa, akasema mbwa amekufa, wakasema pole, halafu wakauliza bei ya pazia za dirisha kubwa.

Jumapili moja alikwenda bila kuuliza. Alibeba vitu vya jikoni kama kawaida: unga, majani ya chai, nyama, na wavu wa vitunguu vyekundu, vile mzee alivipenda. Babake alimpokea mizigo mlangoni, akamwambia akae, atapika yeye. Njambi alikaa nje kwenye kigoda. Jiko lilikuwa kimya mno. Aliingia kunywa maji, na kwenye kapu la pembeni akaona vitunguu alivyoleta mara ya mwisho. Vilikuwa vimechipua majani marefu, vyote. Hakuna kilichoguswa.

Mzee alipakua, wakakaa mle mle jikoni. Nyama ilikuwa imechemshwa na chumvi, mchuzi mweupe unaonyesha chini ya sahani. Njambi alikula tonge moja, akaweka sahani chini.

"Baba, kitunguu kiko wapi?"

"Inaniwasha macho siku hizi."

Huyu ni mtu aliyekata vitunguu kwa magunia, kwa ajili ya meza ya walimu, bila kupepesa jicho. Njambi alimgeukia.

"Nani alikuambia?"

Mzee alikula kwanza. Alitafuna, akameza.

"Hakuna mtu," alisema. "Nilijua siku ile ile. Daktari aliniuliza nampatia nini, nikamwambia, nikaona uso yake. Halafu nikaona yako. Maitu, nimepikia watu tangu nikiwa kijana. Mtu akionja kitu mbaya akanyamaza, mimi ndio wa kwanza kujua."

"Daktari alisema hajui kama ni hicho. Alisema huenda ingerudi tu." Sauti ya Njambi ilikuwa inamtoka vibaya. "Hata yeye hakutuonya. Hata mimi sikuuliza unamlisha nini. Nilikuwa nauliza rangi tu."

"Huenda," mzee akasema. "Lakini mkono ni yangu." Alitazama mlango wa jiko. "Unajua alikuwa anasikia mafuta ikilia. Hata akiwa kwa Gachau huko, alikuwa anasikia. Kitunguu ikiingia tu, anatokea hapo mlangoni, anakaa, mkia inafagia. Mimi nilikuwa namwita na hiyo sauti. Alikuwa anafurahi, Maitu. Alikuwa anakuja akifurahi."

 Njambi alisimama, akachukua kimoja cha vile vitunguu vilivyochipua, akakata majani, akakimenya. Machozi yalimjaa na hakujali ni ya nini. Aliwasha gesi, akaweka sufuria, akamimina mafuta.

"Wacha," babake akasema.

"Siwachi. Sisi ni watu, Baba. Sisi tunakula kitunguu."

Alikitia. Mafuta yakalia, ile sauti ikajaza jiko lote, na wote wawili wakageuka kutazama mlango. Hawakuweza kujizuia. Mlangoni palikuwa na jua tu na kuku mmoja anayepita kwa shughuli zake.

Njambi alisimama pale na mwiko mkononi, hakorogi, anatazama kile kizingiti kitupu, na harufu ya kuungua ikaanza kupanda. Akasikia kiti kikiburutwa.

"Unachoma," mzee akasema nyuma yake. Alimnyang'anya mwiko. Akapunguza moto, akageuza, akakusanya vipande kutoka pembeni kuvirudisha katikati, akasubiri, akageuza tena, mkono wake ukienda wenyewe kama mtu anayetembea njia ya kwao. Alivitazama vikigeuka.

"Sasa hivyo," alisema. "Sasa rangi iko sawa."

Aliyasikia maneno yake baada ya kuyasema. Mwiko ulisimama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kilio kikamtoka, kikubwa, kibaya, cha mbwa na cha mke pamoja, kile ambacho hakuna aliyekisikia makaburini wala kliniki. Njambi alizima gesi. Alimshika babake kifuani, mwiko ukiwa kati yao unamwagia mafuta kwenye gauni lake la kanisa, na hakumwambia anyamaze.

Walikula jioni, nyama ile ile iliyorudishwa sufuriani na kukaangwa upya. Mzee alikula kidogo, lakini alikula. Njambi alipochukua mkoba wake, alimsindikiza hadi barabarani palipokuwa na bodaboda.

"Kesho nitakupigia," akasema.

"Utaniambia nini?"

Mzee alifikiri, mikono mfukoni.

"Sijui," alisema. "Nitakuambia nimepika nini."